Chujio la Hodhi la Bahari

Siku ya bamvua, maji yakiisha kupwa, shuka pwani ya Bamburi asubuhi, msomaji wangu, utembee juu ya mwamba mpaka ufike kwenye vidimbwi ambavyo bahari imeviacha nyuma. Sisi tukaao Mtopanga twafika huko kwa miguu, tukiisha kuivuka barabara ya Malindi. Chuchumaa kando ya kidimbwi kimoja, wala usitie mkono. Utaona samaki wadogo wa buluu wakiingia na kutoka katika matundu ya mawe, kaa aliyejitwalia gome la konokono akalifanya nyumba, mwani, na mchanga mweupe chini. Hakuna mtu akifagiaye kidimbwi hicho. Hakuna bomba wala kitambaa cha kuchujia. Wakazi wake hula, huacha kinyesi, hufa na kuoza humo humo chini ya jua kali. Na walakini bahari irudipo huwakuta wenzao wazima.

Mtu akilitazama jambo hili juujuu hudhani kwamba kuliiga ni kazi nyepesi. Nami nilidhani hivyo. Nilitaka wanafunzi wangu wawe na kidimbwi cha namna hiyo darasani, wakitazame kila siku bila ya kungojea bamvua. Nikanunua hodhi la kioo la lita 60, na pamoja nalo chujio: kisanduku chenye kitambaa cheupe ndani, na pampu ya umeme ya kuyavuta maji na kuyapitisha humo. Aliyeniuzia aliniahidi kwamba maji yatang'aa. Tulichota maji baharini kwa madumu, tukayamimina, na siku ya pili tukatia samaki watatu niliowapata kwa mvuvi avuaye nje ya mipaka ya hifadhi.

Ahadi ya muuzaji ilitimia kabisa. Maji yaling'aa hata mgeni mmoja akauliza kwa nini samaki wetu wanaelea hewani. Lakini siku ya tisa samaki mmoja alipanda juu, akawa anahema mdomo wazi. Siku ya kumi alikuwa amelala ubavu. Siku ya kumi na mbili tuliwazika wote watatu chini ya mwembe, na kijana mmoja wa Kidato cha Pili akaniuliza, "Mwalimu, mbona maji ni safi?"

Sikuwa na jawabu. Aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu jawabu nilikuwa nimelichora. Katika chuo cha ualimu nilisoma ilmu ya viumbe, na miongoni mwa michoro niliyosifiwa ni ule wa mzunguko wa naitrojeni, wenye mishale ya rangi tatu, ng'ombe, mti na udongo. Hata siku moja haikunipitikia kwamba mishale ile yaweza kupita ndani ya sanduku la kioo juu ya meza yangu. Ndipo nikaanza kusoma jinsi watu walivyojaribu kuiweka bahari ndani ya nyumba, nikaona kwamba kosa langu lilikwisha kufanywa na watu wenye akili kuliko mimi, na kwamba iliwachukua zaidi ya miaka mia moja kulitengeneza.

Mwaka 1832, katika mji wa Messina kisiwani Sicily, mwanamke Mfaransa aitwaye Jeanne Villepreux-Power alitengeneza masanduku ya kioo ili amchunguze mnyama wa bahari wa jamii ya pweza, aliye na gome jembamba jeupe. Yeye alikaa kando ya bahari, na atakaye maji mapya akiwa kando ya bahari huyapata. Shida ya kweli ilimkuta Mwingereza, Bibi Anna Thynne, ambaye mwaka 1846 alichukua matumbawe madogo hai kutoka Torquay, pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza, akayapeleka kwake London. Mwanzoni aliyabadili maji mara kwa mara. Maji ya bahari yalipopungua, akaamuru yale yale ya zamani yamiminwe kutoka chombo hiki hadi kile mbele ya dirisha lililo wazi, huku na huku, kwa muda wa nusu saa na zaidi, kila siku. Kazi hiyo aliifanya mtumishi wake wa nyumbani. Mikono ya mtumishi huyo twaweza kuihesabu kuwa miongoni mwa pampu za hewa za kwanza katika historia ya jambo hili. Baadaye Bibi Thynne alitia mimea ya baharini, na matumbawe yake yakaishi karibu miaka mitatu mbali na bahari.

Katika miaka hiyo hiyo mkemia mmoja wa London, Robert Warington, aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu katika maji matamu pamoja na mmea na konokono. Mmea uliwapa samaki oksijeni, konokono wakala majani yaliyooza. Mwaka 1850 alitoa habari ya jaribio hilo, akasema kwamba wanyama na mimea wakiwekwa kwa kipimo kinachofaa watalindana. Kisha akajaribu vivyo hivyo kwa maji ya chumvi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichowafundisha watu wa kawaida namna ya kuwa na hodhi la bahari sebuleni.

Hapo ndipo balaa ilipoingia. Hodhi likawa fasheni. Watu walishuka pwani za Uingereza na nyundo na vikapu, wakavunja mawe, wakang'oa kila chenye uhai, wakakipeleka mjini kikafe. Mwana wa Gosse, Edmund, katika kitabu alichokitoa mwaka 1907, alisikitika kwamba vidimbwi vile ambavyo baba yake aliviona vikiwa kamili viliporwa na kuharibiwa, na kwamba maandishi ya baba yake mwenyewe yalikuwa na sehemu katika uharibifu huo. Nakuomba uyakumbuke maneno haya, kwa maana tutarudi pwani yetu sasa hivi, na huku kwetu samaki wa mapambo wamekuwa biashara: wavuvi wa pwani ya Kenya huwakamata wakiwa hai, wakasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, Marekani na Asia. Samaki afaye katika hodhi la mtu anayeanza, awe Mtopanga au Berlin, ametolewa katika mwamba ambao wavuvi hawa na watoto wao wautegemea.

Kwa nini mahodhi mengi ya Waingereza yalikufa? Si kwa uvivu. Yalikufa kwa sababu wenyewe walitazama mambo mawili tu, hewa na uangavu. Waliona mapovu ya oksijeni juu ya mwani wakaridhika. Uchafu wenyewe hawakuuona, kwa kuwa hauonekani. Samaki, msomaji wangu, hutoa amonia kwa matamvua yake kila dakika aishipo. Chakula kisicholiwa kikioza hutoa amonia. Mkojo uliokaa hunuka amonia hiyo hiyo. Ikiyeyuka majini haina rangi. Kitambaa kilicho bora kuliko vyote duniani hakiwezi kuikamata, kama vile kitambaa kisivyoweza kukamata sukari iliyoyeyuka katika chai. Tena katika maji ya bahari ukali wake huzidi kuliko katika maji ya mto, kwa sababu ya asili ya maji hayo yasiyo na uchachu. Basi chujio langu lilifanya kazi yake yote, likakusanya vumbi na mabaki, likayaacha maji yakiwa maangavu na yenye sumu.

Aliyekaribia ufumbuzi bila ya kuujua alikuwa William Alford Lloyd. Huyu alianza kwa kuuza mahodhi na wanyama wa baharini London, kisha akasimamia mahodhi makubwa ya Hamburg yaliyofunguliwa mwaka 1864 na yale ya Crystal Palace, London, mwaka 1871. Lloyd aliona kwamba pasipo kubadili maji ya bahari mtu aweza kuyatumia yale yale mwaka baada ya mwaka, ikiwa ana birika kubwa la chini lililo gizani, kubwa mara kadhaa kuliko mahodhi ya maonyesho, na ikiwa pampu haisimami usiku wala mchana. Yeye alifikiri kwamba hewa ndiyo iunguzayo uchafu. Kitendo chake kilikuwa sawa. Sababu aliyoitoa ilikuwa nusu tu. Hakujua ya kuwa kuta za birika lile, mawe yake na mabomba yake yalikuwa yamevikwa utando wa viumbe.

Waliowafumania viumbe hao walikuwa Wafaransa wawili ambao hawakujali samaki hata kidogo. Schloesing na Müntz walikuwa wakitafuta njia ya kusafisha maji machafu ya miji. Mwaka 1877 walieleza jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Walichukua mwanzi wa kioo, wakaujaza mchanga na mawe ya chokaa yaliyosagwa, wakapitisha humo maji machafu polepole. Kwa muda wa siku 20 hakuna kilichobadilika. Amonia iliyoingia juu ilitoka chini vile vile. Kisha ikaanza kupungua, na mahali pake ikatoka chumvi nyingine iitwayo naitreti, isiyo na ukali ule, mpaka amonia ikatoweka. Kama ingekuwa ni mchanga wenyewe ufanyao kazi, kwa nini usiifanye siku ya kwanza? Wakapitisha mvuke wa klorofomu, dawa ya kulaza viumbe, na kazi ikasimama. Wakatia maji yaliyosuuza udongo kidogo, na baada ya muda kazi ikaanza tena. Hapakuwa na shaka: ndani ya mchanga ule mlikuwa na viumbe hai. Mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky, akiwa Zürich, alifaulu kuwatenga, akaonyesha kwamba wako wa namna mbili. Wa kwanza huigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu; wa pili huipokea naitraiti na kuifanya naitreti.

Rudi sasa kwenye hesabu yangu. Schloesing na Müntz walingoja siku 20 kabla ya mchanga wao kuanza kazi. Mimi nilitia samaki siku ya pili, wakawa taabani siku ya tisa. Si maji yaliyokosa usafi, wala si samaki waliokuwa dhaifu. Nilikuwa nimefungua hoteli kabla ya kuajiri mpishi.

Tokea Winogradsky hadi watu wa mahodhi kuitumia elimu hiyo vizuri nyumbani ilipita zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1950 Wamarekani walianza kuweka sahani yenye matundu chini ya changarawe, hewa ikipandisha maji kupitia bomba jembamba, ili sakafu nzima ya hodhi iwe makao ya bakteria. Kisha mwaka 1961 Lee Chin Eng, mtu wa Jakarta nchini Indonesia, aliandika katika gazeti la Kimarekani la wafuga samaki habari ambayo wengi hawakuisadiki. Yeye hakuwa na chujio lolote la dukani. Alikuwa na mawe yaliyotolewa baharini pamoja na uhai wake wote, maji ya bahari, jua la nchi za joto, na bomba dogo la hewa linalotoa mapovu taratibu. Matumbawe yake yalistawi wakati ambapo Wazungu wenye mitambo walikuwa wakiyaua. Mimi husoma habari za mtu huyu kwa furaha ya pekee, kwa kuwa alikuwa mwana wa pwani ya joto kama yetu, na alichofanya ni kukitazama kidimbwi kwa makini, asiongeze asilolazimika kuliongeza. Wajerumani ndio waliokuja kuunganisha mawe hayo na chombo cha kukamua povu, na kwa njia hiyo matumbawe yakaanza kuishi miaka mingi hata Berlin, mji usio na bahari.

Kabla hatujafika dukani, nipe ruhusa nikupitishe mahali ambapo wengi wenu mmekwenda kwa matembezi ya shule: lile timbo la zamani la kiwanda cha saruji cha Bamburi. Kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1954, nacho kilichimba mwamba wa kale wa matumbawe, uliokuwa chini ya bahari zamani za kale, mpaka pakabaki jangwa jeupe lisiloota jani. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Aina nyingi zilikufa. Mvinje ulikubali, kwa sababu mizizi yake huishi pamoja na vijidudu viwezavyo kuteka naitrojeni hewani. Lakini majani yake membamba yalianguka yakalala chini bila kuoza, yakawa kama mkeka. Hapo Haller akaleta majongoo. Wakayatafuna majani, kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, na bakteria wakafanya udongo. Leo pana msitu, na viboko ndani yake. Nimeitaja habari hii kwa sababu tatizo la timbo na tatizo la hodhi langu ni moja: uchafu uliokosa mlaji. Na pia kwa sababu ya jiwe lile, utakaloliona tena mbele kidogo.

Haya, sasa umekusanya fedha zako, au chama cha sayansi cha shule yenu kimekusanya, na wataka kujua ununue chujio gani. Nakushauri ulitazame kila chombo uonyeshwacho na kujiuliza kwanza swali hili: bakteria watakaa wapi, na watapumua nini? Maana hao nao hupumua. Chombo chenye nafasi nyingi ndani yake, matundu mengi, na maji yenye hewa yapitayo bila kukoma, ni chombo chema hata kikiwa na sura mbaya. Chombo kizuri cha kutazama chenye kitambaa kimoja cha kutupwa kila wiki ni cha kukuibia, kwa kuwa kila ukitupapo kitambaa umewatupa na wafanyakazi.

Kwa mtu aanzaye, hasa huku kwetu, mimi napenda sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa. Ni chombo cha bei ndogo. Mapovu yakipanda ndani ya bomba huvuta maji kupitia sifongo, na bakteria hulijaza sifongo hilo lote. Pampu iwe na betri yake. Sababu yake waijua: umeme hukatika. Kuna machujio makubwa ya mtungi uliofungwa, yanayosifiwa sana na wauzaji, nayo hufanya kazi vizuri katika nchi ambazo umeme haukatiki. Lakini mtungi ule ukisimama kwa saa kadhaa, bakteria waliomo humaliza hewa yao na kuanza kufa, na umeme urudipo mtungi huutapika uozo wote ndani ya hodhi. Sifongo lililo wazi ndani ya maji halina hatari ya namna hiyo. Sahani ya chini ya changarawe nayo si mbaya, ila changarawe huziba, na kuifumua baada ya mwaka ni kazi ya kutia huruma.

Makaa maalumu ya kuchujia, ambayo mengine hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, huondoa rangi ya manjano na harufu. Hayaondoi amonia katika maji ya bahari, wala usijaribu kutumia makaa ya jikoni badala yake. Unaweza kuyaacha mwanzoni.

Chombo cha kukamua povu chataka maelezo zaidi. Bila shaka umeona wakati wa kusi jinsi mawimbi yanavyotupa ufukoni povu zito lenye rangi ya chai. Povu hilo limebeba mafuta na mabaki ya viumbe, yaliyojishika juu ya ngozi ya mapovu. Chombo hiki hufanya vivyo hivyo: hupuliza mapovu madogo sana katika bomba refu, povu chafu likapanda na kumwagikia kikombeni, ukalimwaga. Katika maji matamu hakifanyi kazi vizuri, kwa kuwa mapovu huungana yakawa makubwa. Katika maji ya chumvi hubaki madogo. Uzuri wake ni kwamba huuondoa uchafu kabla haujawa amonia. Ubaya wake ni bei, na kwamba anayeanza hudhani amenunua ruhusa ya kujaza samaki. Kama una samaki wawili katika lita 100, na unalisha kwa kiasi, huna haja nacho mwaka wa kwanza.

Lililo bora kuliko vyombo vyote hivi ni lile la Lee Chin Eng, yaani mawe. Lakini hapa sheria na haki vyatuzuia, nami nasema vimetuzuia vyema. Malindi na Watamu zilifanywa hifadhi za bahari mwaka 1968, na maji yaliyo mbele yetu, kuanzia Nyali kwenda kaskazini, yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchukua jiwe, wala kombe, wala samaki. Tena mwamba wenyewe umekwisha kuonja taabu: mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakageuka meupe, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ikafa. Mtu akivunja jiwe hai kwa ajili ya hodhi la meza, anarudia waliyoyafanya Waingereza wa zama za Gosse, naye hana udhuru wao wa kutojua.

Nasi hatuna haja ya kuvunja kitu. Chimba kisima Mtopanga, na kabla ya kufika kwenye maji yenye chumvichumvi utapita katika matumbawe ya kale. Jiwe hilo ni la mwamba ule ule wa timbo la Bamburi. Limekufa tangu zamani, lakini matundu yake yangalipo, maelfu kwa maelfu, mengine membamba kama uzi. Ni chokaa, kama ile waliyoitia Schloesing na Müntz katika mwanzi wao. Chagua vipande vilivyo vyepesi kwa ukubwa wake, ambavyo havikugusana na mafuta wala sementi. Visugue, viloweke katika maji matamu kwa siku kadhaa ukiyabadili, kisha vipange ndani ya hodhi kwa namna ambayo maji yatapita katikati yake. Bakteria hutahitaji kuwanunua. Watakuja na maji ya bahari wenyewe.

Ila watataka muda, na hapo ndipo subira ya vijana hushindwa. Hodhi lisilo na samaki hutiwa chembe za chakula cha samaki kila siku, zioze, zitoe amonia, ili wageni wale wasioonekana wapate kula na kuongezeka. Pima maji kwa dawa ya kupimia. Ndicho kitu cha pili cha kununua baada ya pampu, kabla hata ya taa. Amonia itapanda, kisha itashuka huku naitraiti ikipanda, kisha nayo itashuka. Aghalabu kazi hii huchukua wiki nne hadi sita. Naitreti itakayobaki huondolewa kwa kubadili sehemu ya maji, mara moja kila wiki mbili, kwa maji yaliyochotwa wakati bahari imejaa. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matamu yasiyo na klorini, si ya bahari, kwa maana chumvi haiendi na mvuke. Na ukiliosha sifongo, liminye katika ndoo ya maji yaliyotoka hodhini, katu si chini ya mfereji. Klorini ya mfereji itawatenda bakteria wako sawasawa na klorofomu ya wale Wafaransa.

Hodhi letu la pili ni la lita 110. Mawe yake yalitoka katika kisima kilichochimbwa nyuma ya nyumba ya jirani, na mwenye kisima alitucheka sana tulipokuja na mkokoteni kuchukua takataka zake. Tulitia sifongo mbili, kila moja na bomba lake, zote kwa pampu moja yenye betri. Yule kijana aliyeniuliza swali ndiye niliyemkabidhi dawa ya kupimia. Alitundika kalenda ukutani, na kila siku akaipaka rangi aliyoiona katika kichupa: manjano kama hakuna amonia, kijani kama ipo. Siku ya tano kalenda ilianza kuwa kijani. Siku ya kumi na mbili ilikuwa kijani kibichi kabisa, na wenziwe wakaanza kusema kwamba Mwalimu ameua hodhi jingine hata kabla ya kutia samaki. Wiki ya tatu umeme ulikatika kutwa nzima na usiku wake. Pampu ikaendelea kwa betri mpaka alfajiri.

Siku ya ishirini na sita rangi ilianza kufifia. Siku ya thelathini na moja ilikuwa manjano, na siku iliyofuata manjano tena, na naitraiti haikuonekana. Hata hivyo kijana alikataa tusitie samaki mpaka atie chakula maradufu na kupima baada ya siku moja. Sikumfundisha jambo hilo. Alipoona rangi haikubadilika ndipo alipokubali, akaomba tuanze na samaki mmoja tu. Akauelea mfuko juu ya maji kwa muda, akamimina maji ya hodhi ndani yake kidogo kidogo, kisha akamwachia samaki atoke kwa hiari yake. Samaki akazunguka mara moja, akapata tundu katika jiwe la kisima, akaingia humo akageuka kututazama. Kijana akavuta kiti, akafungua daftari, akaandika saa.